Nyumba ya Vyumba Sita Mjini Kakamega

Katika miji ya bara ya Kenya ni mali chache zilizowatumikia watu wengi kwa gharama ndogo, na zikashukuriwa kidogo, kuliko nyumba ya jamaa iliyo katika mtaa wa zamani karibu na soko. Kakamega inazo nyumba hizo. Mtu atokaye Kisumu kwa barabara kuu, akalipita Jiwe Linalolia la Ilesi na kuingia mjini, huona kwanza maghorofa mapya, mabenki, ofisi za serikali ya kaunti na msururu wa bodaboda. Lakini akigeuka kando na kutembea katika Amalemba na vichochoro vingine vya zamani visivyo mbali na kitovu cha mji, atazikuta zimesimama bega kwa bega, paa zake za mabati zimegeuka hudhurungi kwa kutu, kuta zake zimekandikwa na kukandikwa tena, na ndani yake wamo watu ambao wazee wao walikuja mjini kuwa makarani, wapishi, mafundi cherehani, askari, wauguzi na wachuuzi, wakajenga au wakapanga, wakazaa, na wasiondoke.

Hoja ya makala haya ni moja. Nyumba hiyo ni haki iliyopatikana polepole na kwa taabu, katika zama ambazo sheria na mishahara vilimtaka Mwafrika afanye kazi mjini huku jamaa yake ikibaki mbali. Na kwa hiyo kila anayetaka kuivunja leo, hata akiwa na nia njema ya kujenga iliyo bora, anadaiwa kwanza aonyeshe jamaa ile itaishi wapi, kwa hati gani na kwa malipo gani.

Kutoka Mumias hadi Kakamega

Kwa hesabu ya watu wa pwani Kakamega ni mji kijana. Karne ya kumi na tisa ilipokuwa ikielekea kwisha, mahali palipojulikana na wasafiri katika nchi hii palikuwa Mumias, penye enzi ya Nabongo Mumia wa Wawanga, na hapo ndipo misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda Uganda ilipopumzika, ikanunua chakula na pembe, na ikaacha nyuma baadhi ya watu wake. Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883. Askofu James Hannington alipita mwaka 1885 katika safari iliyomfikisha kwenye mauti yake Busoga. Na serikali ya Kiingereza ikaweka kituo chake huko katika miaka ya 1890. Watu wa pwani waliofanya maskani Mumias walikuja na dini ya Kiislamu, na lugha ya Kiswahili, na kanzu na kofia. Na pamoja na hayo wakaja na ramani ya nyumba, ile ya mlango wa mbele, ukumbi wa katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma, ambayo ilikuwa imekwisha kutembea na misafara mpaka Tabora na Ujiji, na ambayo mwenyeji aliyeiona aliweza kuijenga kwa miti na udongo wa kwao bila kungoja chokaa wala mawe ya matumbawe.

Mwaka 1920 serikali ilihamisha makao makuu ya wilaya, iliyoitwa wakati huo North Kavirondo, kutoka Mumias hadi Kakamega, mahali penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, hewa ya baridi, na msitu mkubwa upande wa mashariki. Palipo na ofisi hapakosi karani, na palipo na karani hapakosi muuza chai; ndivyo mji ulivyoanza, kwa ofisi ya mkuu wa wilaya, maduka ya Wahindi yenye veranda mbele, soko, na nyumba za watu wa kawaida zilizotafuta nafasi pembeni mwa hayo yote.

Baada ya miaka kumi na mmoja likaja jambo lililoutikisa mji mchanga na kuutia katika magazeti ya London. Mwaka 1931 mlowezi mmoja wa Kimarekani, L. A. Johnson, aliona dhahabu katika nchi ya Kakamega, na habari ikaenea upesi, maana bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka dunia nzima na walowezi wengi walikuwa taabani. Wazungu wakaja kwa mamia, wakapiga mahema na kuchimbua kingo za mito. Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ni yao daima, na kwamba kipande kikitwaliwa kwa manufaa ya umma, kipande kingine cha thamani ileile kitatolewa badala yake. Lakini mwezi Desemba 1932, kabla ahadi hiyo haijatimiza miaka mitatu, sheria ikarekebishwa ili ardhi ya machimbo iweze kutwaliwa kwa fidia ya fedha, pasipo ardhi ya badala. Machimbo ya Rosterman ndiyo yaliyodumu kuliko mengine, yakafungwa mwaka 1952, na jina lake limebaki kuwa jina la kitongoji cha mji.

Nayakumbusha hayo kwa sababu mwenye nyumba wa mjini Kakamega, anaposhikilia karatasi zake kwa hofu na kumshuku kila mgeni ajaye na utepe wa kupimia, hana wasiwasi usio na asili. Babu yake aliona ahadi ya serikali ikibadilika ndani ya miaka mitatu, na alijifunza kwamba fedha ya fidia huisha na ardhi ikiondoka hairudi.

Mshahara wa mtu mmoja

Ili msomaji wa leo aelewe thamani ya nyumba ya vyumba sita, hana budi akumbuke jinsi serikali ya kikoloni ilivyoufikiri mji. Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia. Alikuja na kipande chake cha utambulisho shingoni; akapewa mshahara uliotosha chakula chake mwenyewe na kodi ya serikali; akapewa kitanda bwenini au nafasi katika chumba cha wengi; na mke na watoto wakaachwa shambani, kwa hesabu kwamba shamba litawalisha. Kwa hesabu hiyo mwajiri alipata kazi ya mtu mzima pasipo kulipa gharama nzima ya uhai wake, na sehemu iliyobaki ikalipwa na jembe la mwanamke kule kijijini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Nairobi, mji ambao watu wa Magharibi ya Kenya waliuendea kwa wingi kutafuta kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakuu wa mji walitenga Pumwani iwe mahali pa Waafrika kujijengea nyumba, na nyumba zilizojengwa huko zilikuwa za mtindo huuhuu wa Kiswahili. Pangani, kijiji cha zamani zaidi, ambacho wenye nyumba wake wengi walikuwa wanawake waliojichumia wenyewe, kikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyeji wake wakahamishiwa Shauri Moyo baada ya kupoteza nyumba walizozijenga kwa fedha yao. Kile kilichokuwa mali kikawa nafasi ya kukaa kwa ruhusa. Na aliyekuwa mwenye nyumba akawa mpangaji wa halmashauri katika uzee wake.

Fikira hiyo ilianza kulegea baada ya Vita Kuu ya Pili, migomo ilipoonyesha kwamba mtu hawezi kukaa mjini miaka ishirini akahesabiwa kuwa mgeni. Mwaka 1950 Ernest Vasey, ambaye alikuwa amepata kuwa Meya wa Nairobi, alitoa taarifa yake juu ya makazi ya Waafrika katika miji na vituo vya biashara, akapendekeza kwamba Waafrika wapewe njia ya kumiliki nyumba mjini. Na mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na F. W. Carpenter ikasema kwamba mshahara wa mfanyakazi wa mjini sharti uhesabiwe kwa mahitaji ya mtu pamoja na mkewe na watoto wake. Maneno hayo leo yanaonekana mepesi, lakini yalikuwa yanakiri jambo ambalo mitaa ya zamani ilikuwa imekwisha kulithibitisha kwa vitendo kabla ya kamati yoyote kukaa: kwamba watu wa mjini wana wake, wana watoto, wana wazee, na kwamba wote hao wanahitaji paa moja.

Miti, udongo na mvua

Natuitazame nyumba yenyewe. Mbele ina baraza ya simiti au ya udongo ulioshindiliwa, iliyofunikwa na upenu mpana. Na upana wa upenu huo si pambo, kwa kuwa Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na aghalabu mawingu hujikusanya adhuhuri na kumwaga alasiri, pamoja na radi na mara nyingine mvua ya mawe. Mlango wa mbele huingia katika ukumbi mwembamba, ambao wengi leo huuita korido, unaokwenda moja kwa moja mpaka mlango wa uani, na vyumba vitatu viko upande huu na vitatu upande ule. Milango miwili ikifunguliwa asubuhi upepo hupita katikati na kuondoa moshi na unyevu. Uani kuna jiko, bafu, choo, kamba za kuanikia nguo, pipa la kukingia maji ya mvua yatokayo paani, na mara nyingi mpapai au mgomba, na kibanda cha kuku. Kwani katika nchi ya Waluhya mgeni wa heshima asiyechinjiwa kuku hajakaribishwa bado.

Kuta za asili zilijengwa kwa nguzo zilizochimbiwa ardhini na fito zilizofungwa kwa kulala, ndani na nje, na nafasi ya katikati ikajazwa udongo mwekundu. Udongo huo haukutiwa ukutani vivi hivi. Ulichimbwa, ukamwagiwa maji, ukaachwa ulale usiku, kisha ukakanyagwa kwa miguu na vijana na kina mama mpaka ukawa laini na wenye kunata. Ndipo ukarushwa kwa mkono katikati ya fito, pumba moja baada ya jingine. Ukuta ukikauka hupasuka, kama ilivyo desturi ya udongo, na nyufa hizo ndizo zinazoshika tabaka la pili; na tabaka la mwisho ni la samadi ya ng'ombe, udongo laini na majivu, linalosuguliwa kwa kiganja mpaka lionyeshe mistari ya vidole. Adui wa ukuta huo ni wawili. Wa kwanza ni mchwa, anayeanza kuila nguzo chini ya ardhi mahali asipoonekana, na ambaye wajenzi walimkinga kwa majivu, na baadaye kwa oili chafu ya gari iliyopakwa miguuni mwa nguzo. Wa pili ni mvua inayoruka kutoka chini na kuutafuna ukuta kwa miaka, mpaka ukiutazama kwa karibu waziona fito zikichungulia kiasi cha shubiri juu ya ardhi. Kwa sababu hiyo wenye uwezo walizungushia mguu wa nyumba mkanda wa mawe na simiti, wakapiga plasta nje, na baadaye wakabadilisha chumba kimoja kimoja kuwa cha matofali, kwa kadiri mshahara ulivyoruhusu, huku watu wakiendelea kulala katika vyumba vilivyobaki.

Hapo pana fadhila kubwa ya nyumba hii ambayo majengo ya mkopo hayana. Inajengwa na kurekebishwa kwa fedha kidogo kidogo, na mwenyewe hahitaji kupata laki nyingi kwa siku moja. Bati moja likitoboka, bati moja hubadilishwa. Mtoto akizaliwa, chumba kilichopangishwa huchukuliwa tena mpangaji akiondoka. Mume akifariki, mjane hupangisha vyumba viwili vya mbele na kula kwa kodi hiyo. Chuo kilipoanzishwa Kakamega mwaka 1972, kile kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro mwaka 2007, mji ulipata wanafunzi wanaotafuta vyumba. Na mji ulipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi tangu 1963, watumishi wa serikali waliohamishwa kutoka kila pembe ya nchi walitafuta vyumba vilevile. Mwenye nyumba wa vyumba sita alikuwa na la kuwapa, na kodi yao ikasomesha watoto wake.

Mila chini ya paa moja

Nyumba ya mjini haikuwa na nafasi ya boma la shambani, walakini ilibidi ibebe mila ya boma hilo, na ustadi ambao jamaa hizi zilitumia kuupatanisha wembamba wa kiwanja na uzito wa desturi unastahili taadhima. Kwa Waluhya kijana akishatahiriwa halali tena katika nyumba ya wazazi wake. Shambani hujengewa kibanda chake, kiitwacho isimba. Mjini chumba cha uani chenye mlango wake mwenyewe kikawa isimba, na kijana akaingia na kutoka pasipo kupita mbele ya mlango wa chumba cha baba. Mama mkwe naye halali katika nyumba ya mume wa bintiye. Na kwa kuwa hospitali kubwa iko Kakamega, na wazee huletwa mjini kutibiwa, aghalabu jirani ndiye aliyempa mama huyo kitanda, akiamini kwamba kesho mkwe wake yeye atapokewa vivyo hivyo. Kwa njia hiyo kichochoro kizima kikawa boma moja, na bibi mmoja mwenye umri akaitwa Kukhu na watoto wa nyumba kumi, wa Kitsotso, wa Kisukha, wa Kimaragoli, wa Kiluo na wa Kinubi, kila mmoja akiamka kumwamkia kabla ya kwenda shule.

Kifo nacho kina utaratibu wake. Wengi huzikwa shambani, katika ardhi ya baba zao, na gari la maiti huondoka mjini kwenda huko. Lakini kabla ya safari hiyo, uani mwa nyumba ya mjini ndimo wanamokaa watu jioni baada ya jioni kuchanga fedha, kupanga usafiri, kupika chai na kuandika orodha ya michango katika daftari la shule, wapangaji pamoja na wenye nyumba, Waislamu pamoja na Wakristo. Jumuiya hiyo haikuundwa na ofisi yoyote. Iliundwa na ua, na baraza, na ukuta mwembamba unaopitisha sauti ya mtoto mgonjwa usiku hata jirani akabisha hodi kabla hajaitwa.

Shamba limekwisha

Palikuwa na wakati ambapo mtu aliweza kusema, na akasema kweli, kwamba nyumba ya mjini ni ya kupitisha siku na nyumba ya haki iko shambani. Usemi huo leo unazidi kudhoofika. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579, nao walikuwa kiasi cha watu 618 katika kila kilomita moja ya mraba, msongamano ambao nchi nyingine huuona mijini tu. Shamba ambalo babu alilima akashiba, likagawanywa kwa wana wanne, kisha kwa wajukuu kumi na wawili, limekuwa kiwanja cha nyumba na kaburi na mistari michache ya mahindi. Kwa kijana wa jamaa kama hiyo, vyumba sita vya mjini ndivyo urithi wenye maana. Humo ndimo atakamooa, na kodi ya humo ndiyo itakayompa mtaji wa kuanzia kazi.

Kwa hiyo hesabu ya zamani imepinduka. Zamani shamba lililisha mshahara mdogo wa mjini. Siku hizi nyumba ya mjini ndiyo inayonunua mbolea ya shambani na kulipa karo ya watoto wa huko. Mwenye kupanga maendeleo ya mji akiiona nyumba hii kuwa uchafu uliobaki wa jana, anakata mguu mmoja wa jamaa inayosimama kwa miguu miwili.

Hati, mirathi na kodi ya ardhi

Hatari iliyo kubwa kuliko tingatinga imo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Nyumba nyingi za namna hii zimeandikwa kwa jina la mtu aliyekufa zamani. Mzee alifariki, watoto wakasema wacha mama akae kwa amani, mama akafariki, na sasa warithi ni wengi, mmoja yuko Nairobi, mmoja Mombasa, mmoja ughaibuni, na hakuna mwenye mamlaka ya kutia sahihi. Hapo ndipo dalali huingia, akamtafuta mrithi mwenye shida kuliko wenzake, akampa fedha ya mkononi kwa sehemu isiyojulikana mipaka yake. Na kesi huanza, ikala miaka, ikala nyumba.

Sheria haikukosa kutoa njia. Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, yasema kwamba mtu akifa bila wasia akaacha mke au mume na watoto, vyombo vya nyumbani ni vya aliyebaki, naye ana haki ya kuitumia mali iliyosalia maisha yake. Kisha watoto hugawana sawasawa, na sheria haikumtenga binti, awe ameolewa au hajaolewa. Jamaa za Kiislamu hufuata sheria ya dini yao, na Katiba ya mwaka 2010 inazitambua Mahakama za Kadhi kwa jambo hilo. Njia ya mahakama huanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, cheti cha kifo na uthibitisho wa mali. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na kungojwa siku 30 ili mwenye pingamizi alete. Ndipo msimamizi huteuliwa. Ni kazi ya subira na gharama fulani, lakini ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kuipoteza nyumba. Nawasihi wenye nyumba walio hai, wawekapo akiba ya mabati na simiti, waweke pia akiba ya kuandika wasia. Na nawasihi ndugu waume wasiliache jina la dada nje ya barua ya chifu, kwani dhuluma hiyo ndiyo mlango ambao wengi wamepitia kuzivunja nyumba za wazazi wao.

Jambo la pili ni muda wa kiwanja. Viwanja vingi vya mijini nchini Kenya vimekodishwa na serikali kwa muda maalumu, na muda hupita kimya wakati watu wanaishi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa aliyekuwa na kiwanja, akiwa raia wa Kenya, haki ya kufikiriwa kwanza muda ukiisha, ikiwa ardhi haihitajiki kwa manufaa ya umma. Lakini haki hiyo ni ya mtu anayeonekana katika daftari, si ya marehemu asiyekuwa na msimamizi wala ya nyumba iliyolimbikiza kodi ya ardhi ya kaunti. Mambo matatu hufuatana: mirathi isipofunguliwa, hapana wa kulipa kodi kwa jina lake, kodi isipolipwa, muda hauongezwi, muda usipoongezwa, kiwanja hupewa mwingine kwa haki ya karatasi.

Na wale wanaoishi katika nyumba za kukodi za iliyokuwa halmashauri ya mji, ambazo baada ya 2013 ziliingia mikononi mwa serikali ya kaunti, hali yao ni dhaifu zaidi, kwa kuwa hata mtu akikaa miaka arobaini akalea watoto wote humo, kwa daftari yeye ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi.

Mji ujao na waliomo

Hapana mwenye akili atakayedai kwamba Kakamega isijenge. Vyoo vya mashimo vilivyosongamana na visima si urithi wa kutunza. Ukuta ulioliwa na mchwa hauna heshima unapomwangukia mtoto. Na mji wenye hospitali, chuo kikuu, mahakama na uwanja wa Bukhungu unahitaji nyumba nyingi kuliko ulizo nazo. Katiba, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na usafi wa kadiri, na tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho, ili nyumba hizo zijengwe. Neno la kuuliza ni nyumba za namna gani, na za nani.

Pwani imetufunza kwamba mtaa wa zamani unaweza kuhesabiwa kuwa hazina. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na huko hakuna anayevunja ukuta bila kuulizwa. Majumba yale ni ya mawe na milango ya nakshi, na jicho la mgeni huyapenda upesi. Nyumba ya Kakamega ni ya udongo na mabati, na haitamvutia mtalii; lakini ni binti wa ukoo uleule, aliyekwenda bara na misafara akaolewa na miti ya huko. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 haikusema kwamba historia ni ya mawe peke yake. Nyumba tatu au nne zilizo imara, zikichaguliwa kwa ridhaa ya wenyewe, zikapimwa, zikachorwa na kusaidiwa kutengenezwa, zingewafundisha wanafunzi wa uhandisi na wa historia katika chuo kikuu kilicho palepale mjini jinsi mji wao ulivyojengwa na watu wasio na mkopo.

Kwa zile zitakazobadilishwa, haki yadai mambo machache yaliyo wazi. Kwanza, kabla ya mpango wowote kutangazwa, kila nyumba, kila mwenye nyumba na kila mpangaji aandikwe, kwani asiyeandikwa halipwi. Pili, sheria ya mwaka 2016 iliyorekebisha sheria za ardhi inataka taarifa ya maandishi ya miezi mitatu hata kwa mtu anayekalia ardhi isiyo yake. Iweje basi aliyezaliwa katika nyumba apewe muda mfupi zaidi? Tatu, mwenye kiwanja ashirikishwe kwa kiwanja chake, apate sehemu ndani ya jengo jipya kwa hati, na asipewe bahasha ya fedha na kuambiwa aende, maana fedha ya bahasha imekwisha kujaribiwa katika nchi hii tangu siku za dhahabu, na mwisho wake unajulikana. Nne, michoro ya majengo mapya ikumbuke yale ambayo nyumba ya vyumba sita iliyafanya vema: ua wa kufulia na kuanikia, chumba chenye mlango wake cha kijana mkubwa au cha kupangisha, upenu unaokinga mvua, na mahali mbele pa kukaa na kuuza vitu vidogo. Mama auzaye mandazi barazani kwake hawezi kuyauza akiwa ghorofa ya tano, na jengo lisilomfikiria limemwongezea kodi na kumpunguzia riziki kwa siku moja.

Mji hupimwa kwa yale unayomfanyia mtu wa kipato kidogo aliyeujenga. Kwa miaka mingi Kakamega imeweza kumweka mtu huyo karibu na kazi, karibu na hospitali na karibu na shule, pamoja na mkewe, mama yake na watoto wake, bila msaada wa hazina ya serikali, kwa nguvu ya nyumba ambazo watu walijijengea wenyewe chumba baada ya chumba. Serikali ya kaunti sasa ina fedha, ina sheria na ina wataalamu ambao wazee wale hawakuwa nao. Kwa hiyo lililo chini ya hapo walipofika wazee, yaani jengo jipya ambalo jamaa ya zamani haiwezi kuingia, halitastahili kuitwa maendeleo.